Siku ya Kutua Mashine ya Baba

Juzi nilipeleka shafti ya karasha langu kwa kijana mmoja fundi wa vyuma hapa Rwamgasa. Karasha ndilo linanipondea mawe ya dhahabu na kunilisha, na shafti yake ilikuwa imepinda kama mguu wa mbuzi aliyegongwa na baiskeli. Nikamkuta kijana anapasua sanduku jipya la mbao. Alipobandua ubao wa juu tu, harufu ikanijia usoni: ile grisi nzito wanayopaka chuma kipya kisipate kutu, karatasi iliyolowa mafuta, na mbao mbichi. Yeye akaivuta puani kama kaletewa pilau. Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye tairi bovu. Akanifuata.

"Dada, vipi, presha?" Ananiita dada ili nimpe kazi. Umri wangu ni wa mama yake.

"Presha ya nini? Nimekumbuka nyumbani."

"Nyumbani kwenu kunanuka grisi?"

"Kulinuka wiki moja," nikamwambia, nikamwachia shafti nikaondoka. Yeye singemsimulia, angedhani namtania. Lakini nyie wa rika langu, mliokula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kuoga kwa majivu sabuni ilipopotea madukani, nyie nitawasimulia, kwa sababu mnajua enzi zile mtu alikuwa anaweza kufa saa nane mchana, jua linawaka, majirani wote wapo, na jioni watu wakala ugali.

Kwetu kulikuwa mwendo wa baiskeli kutoka Ushirombo, ukiacha barabara kubwa ukafuata njia ya ng'ombe. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya kinu kimoja cha pamba. Aliingia pale kufagia vyuma chakavu, akaja kutoka anachonga gia na shafti ambazo huwezi kuzitofautisha na za Ulaya. Walipomstaafisha, wakubwa wake wakampa zawadi: mashine ndogo ya kuchonga chuma, ya kukaa juu ya meza, mpya kabisa, bado imo kwenye sanduku lake. Ilikuwa imelala stoo miaka, hakuna anayekumbuka nani aliiagiza. Mama yeye alikuwa anategemea bati za nyumba. Sanduku liliposhushwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaligonga kwa kidole kama anayepima tikiti.

"Baba Nyanzala, hizi ndizo bati?" Nyanzala ni dada yangu mkubwa, alikuwa ameshaolewa.

"Mama Nyanzala, hii ndiyo itakayozaa bati."

"Basi iambie ijifungue kabla ya masika."

Baba aliifungua yeye mwenyewe, polepole, misumari akainyoosha mmoja mmoja na kuiweka kwenye kopo. Ndani kulikuwa na kitu kimefungwa karatasi ya mafuta, kimepakwa grisi ya rangi ya asali iliyoungua. Tulikesha, hapana, tulishinda siku mbili tukiifuta kwa mafuta ya taa na vipande vya kanga ya zamani ya Mama, na Mama alipoitambua kanga yake hatukula mboga siku hiyo. Grisi ilipotoka, nikaiona mashine ilivyo: kichwa juu, mdomo unaoshuka na kupanda, na chini yake kimeza cha chuma chenye mikono ya kuzungusha. Nikacheka. Ni cherehani! Nilikuwa darasa la tatu, ila nilikuwa najua cherehani.

"Baba, uzi wake unapita wapi?"

"Haina uzi."

"Sasa inashonaje?"

"Haishoni, mwanangu. Inakula. Unaifungia chuma pale mezani, hapa juu panazunguka meno, inakikwangua chuma mpaka kinakuwa unavyotaka."

Jibu hilo lilinitosha kwa wiki nzima. Mashine inakula chuma! Unajua mtoto mwenye mdomo kama wangu ukimpa habari kama hiyo anafanya nini? Kijijini waliniita Redio. Nilikuwa siwezi kusema kitu kama kilivyo, lazima nikitie chumvi, pilipili na tangawizi. Shuleni Jumatatu niliwaambia inakula chuma. Jumanne niliwaambia inakula panya na kutema misumari. Jumatano watoto walianza kupiga miayo, kwa hiyo nikawaambia Baba anatengeneza bunduki. Nikawaonyesha na urefu wa mtutu, kwa mikono. Hapo waliamka wote. Nilikula nusu ya viazi vya kila mtu siku hiyo.

Ukweli ulikuwa mdogo zaidi. Wakati ule spea hakuna. Mashine ya kusaga mahindi ikivunjika jino moja la gia, kijiji kizima kinarudi kwenye kinu na mchi miezi mitatu mpaka spea itoke Mwanza, na ikitoka si yenyewe. Baba alitaka kuyachonga meno hayo kwake. Umeme hatukuwa nao, lakini alikuwa na injini ya dizeli iliyokufa ambayo aliifufua kwa matusi na bisibisi, akapanga kuifungia mkanda iizungushe mashine. Akajenga kibanda nyuma ya nyumba. Akatengeneza meza ya magogo ya mninga, miguu kaichimbia chini kimo cha goti, na juu ya meza akasimamisha bolti nne, nene kama dole gumba, vichwa chini na ncha juu. Mashine ilikuwa na matundu manne kwenye miguu yake. Kazi yote ilikuwa hiyo: kuinyanyua mashine, kuishusha, bolti nne ziingie kwenye matundu manne, na pimamaji ikae sawa. "Ikikaa upande," alisema, "itachonga upande maisha yake yote." Alilisema hilo kwa uchungu hasa.

Sasa niwakumbushe hali ilivyokuwa, kwa wale mlioamua kusahau. Wezi wa ng'ombe walikuwa wanakuja mchana. Wanakuja na mikuki, wengine na magobori, wanamchoma mchungaji na kuondoka na zizi zima. Ndipo vijiji vikaunda sungusungu: kila mwanaume na upinde wake, na mkuu wao mmoja. Kwetu mkuu alikuwa Mzee Luhende, mfupi, mpole, anafuga kuku, na hakuna mtu niliyemwogopa kama yeye. Sheria yake ilikuwa moja. Mwano ukilia, ule ukunga wa Kisukuma wa kuita msaada unaotoka chini ya kitovu na kupanda mpaka mbinguni, unaacha. Unaacha jembe, unaacha ugali mkononi, unaacha mtoto kwenye beseni. Unachukua upinde unakimbilia sauti. Baadaye mnahesabiwa. Ambaye hayupo, basi yeye ndiye anajua wezi wanatoka wapi.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, tukienda shule, tulimkuta mwizi kalazwa njiani. Alikuwa na mishale mingi kama nungunungu. Mwalimu alituambia tusitazame. Tulitazama. Kiatu kimoja kilikuwa hakipo na soksi yake ilikuwa imetoboka kidole. Ndicho kitu ninachokikumbuka, ile soksi. Nilisema, "Mama yake hajui kushona," wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikatapika kwenye daftari la mtu.

Siku ya kutua mashine ilikuwa Jumamosi. Baba alifunga puli mbili kwenye boriti ya kibanda, akapitisha kamba ya katani, akaifunga mashine kwa chini kama mzigo wa kuni. Mashine ile uzito wake gunia la mahindi lililojaa. Aliyeshika kamba mbele alikuwa baba mdogo Masele, mdogo wake Baba, kijana wa mabega, anacheza ngoma, anapendwa. Nyuma yake Mama, nyuma ya Mama mimi. Kusema kweli mimi nilikuwa pambo. Baba alisimama mezani, mikono yake chini ya mashine, anaielekeza.

"Vuta! Vuta! Hapo. Shikilia. Masele, umeshika?"

"Nimeshika, kaka."

"Usinichezee ngoma hapo."

"Kaka, mimi nimebeba majeneza mazito kuliko hii."

"Maiti halalamiki ukimwangusha. Haya, shusha. Kidogo. Kidogo kama chumvi."

Mashine ikashuka. Nakumbuka ilivyozunguka kidogo hewani, inang'aa, na Baba akiitazama kama bibi harusi. Mguu mmoja ukagusa bolti yake. Wa pili ukawa bado. Baba akaingiza mkono wa kulia chini kuusukuma ule wa pili.

Mwano ukalia.

Ulitokea upande wa malisho, karibu kabisa, sauti ya mwanamke. Uuuuwi! Na mwingine ukaitikia, na mwingine. Nilimwona Masele kwa nyuma. Sitasema aliamua, kwa sababu hakuamua chochote. Mabega yale yalishtuka mara moja, vidole vikafunguka, na alikuwa ameshatoka mlangoni kabla kamba haijajua imeachwa. Kamba ikapita mikononi mwa Mama na mwangu ikachukua ngozi yote. Ikachomoka kwenye puli. Halafu mlio. Si wa chuma. Ulikuwa mlio wa mtu anayevunja muwa.

Baba hakupiga kelele. Alisema, "Loh," kama mtu aliyesahau funguo. Alikuwa kasimama pale mezani, ameinama, mkono wa kulia umeishia chini ya mguu wa mashine, na damu inatiririka kwenye gogo inafuata mistari ya mbao. Mama akaisukuma mashine, haikutikisika. Tukaisukuma wote, wapi. Nje tulisikia miguu ya wanaume ikipita mbio, wote wakienda upande mmoja, na Mama akaita majina yao, akaita kila jina analolijua, hakuna aliyegeuka. Mwano unalia. Nani angegeuka?

"Lete mchi," Baba akasema. Midomo ilikuwa imekuwa ya majivu.

Mama akachomeka mchi chini ya mashine na kuunyanyua kwa bega lake. Mashine ikapanda nafasi ya unene wa sabuni. "Toa!" akasema Mama, na Baba akavuta. Mkono ukaja. Mchi ukateleza, mashine ikarudi chini. Na mkono ule niliutazama nikauona umepungua. Kidole cha mwisho na jirani yake havikuja.

Mama akamfunga kwa kipande kilichobaki cha ile kanga. Akamkalisha chini, mgongo kwenye mguu wa meza, mkono juu. Baba alikuwa anatetemeka na anaongea maneno ya kazini, "bolti namba mbili, bolti namba mbili." Na mimi, Mungu anisamehe, nilimkasirikia. Niliposikia filimbi za sungusungu kwa mbali, nilidhani Baba ameogopa vita. Kichwani kwangu mwanaume wa kweli angevuta mkono, akachukua upinde kwa mkono mwingine na kukimbia. Nilimwona kakaa chini kama mwanamke aliyejifungua na nikaona aibu.

Walirudi saa tisa hivi. Hawakurudi wakiimba. Ng'ombe wameenda, kijana mmoja wa kijiji kachomwa mkuki wa paja, na wezi wamepotelea porini. Mmoja wao tu ndiye aliyepatwa. Mshale ulimpata mkononi, akauchomoa akakimbia upande wetu, akidondosha damu. Wakahesabiana. Wakakuta fundi hayupo.

Niliwaona wanaingia uani, kama thelathini, jasho na vumbi, macho hayapepesi. Mzee Luhende mbele. Nikamwamkia, "Shikamoo," kwa sababu nimelelewa. Hakuitikia. Hapo ndipo nilipojua.

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko kibandani. Mashine imemng'ata."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Wakanipita. Walimkuta Baba pale chini, mkono umefungwa kitambaa, kitambaa chekundu. Luhende akautazama ule mkono muda mrefu, kama anayesoma barua.

"Fundi. Mwano uliusikia?"

"Niliusikia, mzee."

"Mbona hukuja?"

"Mashine iliniangukia mkono."

"Enhe," Luhende akasema taratibu. "Kila mwizi tunayemkamata huwa kaangukiwa na kitu."

Pigo la kwanza la mguu lilimpata Baba mdomoni. Sikuona nani. Niliona jino likiruka na kugonga kopo la misumari, ting. Wakamburuta nje kwa miguu, kichwa kikigonga kizingiti. Mama akajirusha juu yao na kumng'ata mmoja bega. Alipigwa rungu la ubavu akaanguka amekaa, akawa anafungua mdomo bila sauti, kama samaki. Fimbo zikaanza. Nyie mnajua sauti ya kupura mtama. Hiyo hiyo. Na katikati yake Baba anasema, "Jamani, jamani," kila mara sauti inakuwa ndogo.

"Hebu acheni," Luhende akasema. Wakaacha. "Masele yuko wapi?"

Masele alikuwa nyuma kabisa. Watu wakampisha. Alikuja akitembea kama mtu wa kwenye maji. Aliutazama mkono wa Baba, kitambaa, damu, na niliona usoni mwake kwamba ameelewa yote. Alikuwa anajua nani alishika kamba. Nikasubiri aseme. Moyoni nikamwambia sema, baba mdogo, sema.

"Ndugu yake ndiye anaanza," akasema Luhende, "ili tujue wewe humo kwenye kundi lao." Akampa fimbo.

Masele akampiga kaka yake. Mara moja, ya mgongo, na ilikuwa fimbo ya kweli. Halafu akatazama vidole vyake vya miguu.

Mmoja akaweka mshale kwenye upinde. Hakuwa na haraka. Aliulambisha mate unyoya wake ukae vizuri.

"Vidole vyake vimo chini ya mashine!" nikapiga kelele. "Nendeni mkaangalie! Vimekatika, vimo chini ya mashine!"

Walicheka. Jamani, walicheka kweli. "Redio hiyo imefunguliwa," mmoja akasema. Na mwingine, kijana ambaye mdogo wake nilikuwa nakula viazi vyake, akasema, "Mzee, huyu huyu juzi kawaambia watoto shuleni baba yake anatengeneza bunduki kwa mashine hiyo. Mdogo wangu kanionyesha mpaka urefu wa mtutu." Kicheko kikakatika. Bunduki. Sasa si mwizi tu. Sasa ni anayewapa wezi silaha. Niliona mishale mingine mitatu ikipanda.

Sijui mnajua ilivyo kumuua baba yako kwa mdomo wako ili ule viazi. Mimi najua nusu ya njia.

Nikamwendea Luhende. Nilimfikia kifuani, hakuwa mrefu. Nikaishika ncha ya mshale wake, nikaivuta nikaiweka hapa, chini ya koo langu. Mkono ulikuwa hauna ngozi, ukaacha damu kwenye mti wa mshale.

"Ya bunduki nilidanganya," nikasema. "Nyanyueni mashine. Kama vidole havimo, anza na mimi."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza macho yake yalipepesa.

"Vikikosekana, mayu," akaniambia kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma, kama anavyoongea na kuku wake, "nitaanza na wewe. Sitanii."

"Hata mimi."

Akanishika mkono wangu wenye damu, tukaingia kibandani naye. Akaita wanaume wanne, kila mmoja kona yake. Baba wakamburuta tena mpaka mlangoni ili aone. Masele akasimama karibu naye, hana pa kwenda. "Nyanyueni," Luhende akasema. Wakanyanyua. Mishipa ikawatoka shingoni.

Vilikuwepo. Viwili, vimelala kwenye mabaki ya grisi kando ya bolti namba mbili, vimekaa bapa. Kimoja kilikuwa na kovu la bisibisi ambalo nililijua tangu nazaliwa. Aliyekuwa na mshale tayari akaushusha na kujifanya anaukagua. Luhende akavua kofia, akavichukua vidole vile kwa jani la mgomba lililokuwa limefunika mtungi wa maji, akavifunga kwa heshima zote kama anafunga ugoro wa mzee.

Halafu akageuka. Watu wale walikuwa wamepandwa na damu na damu haijapata pa kwenda, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

"Kitu kizito namna hii mtu hanyanyui peke yake," akasema. "Nani alikuwa kwenye kamba?"

Mama alikuwa nje, anakohoa. Masele alifumba macho.

"Jasho," sauti ya Baba ikatoka pale chini mlangoni, kwenye matope ya damu na mate. "Kamba iliteleza kwa jasho, mzee."

"Jasho la nani?"

"Mzee, nina mashine hewani. Hao wanaume watachoka." Akatema kitu. "Msiitue hivyo hivyo, mtaipinda. Masele."

Masele akaruka kama kaitwa na kaburi.

"Ingia mezani. Ingiza mkono chini, elekeza tundu kwenye bolti namba mbili. Mkono wa kulia."

Masele akaenda. Akaweka mkono wake pale pale, kwenye damu ya kaka yake, chini ya gunia zima la chuma lililoshikwa na wanaume wanne ambao dakika mbili zilizopita walikuwa wanataka kuua. Alikuwa analia bila kukunja uso. "Shusheni," Baba akasema, "kidogo kidogo." Wakaanza kushusha.

"Wewe mtoto ulikuwepo," Luhende akaniambia. "Nani aliachia kamba?"

Masele akanitazama chini ya kwapa la mmoja wa wale wanne. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua. Wanaume wa kwetu nilishawaona siku ile wanavyosikia jambo: mikono inaachia kwanza, akili inafuata baadaye. Kulikuwa na maneno mawili tu. Ni yeye. Ningeyasema, wale wanne wangemgeukia wote kwa pamoja, na mashine ingeenda chini peke yake. Nilifungua mdomo. Nilivuta pumzi mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshauweka ulimi mahali pake.

Baba hakunitazama. Alikuwa anaitazama mashine, jicho moja limevimba limefunga, jingine liko kwenye miguu minne na bolti nne. "Kushoto kidogo," alikuwa anasema. "Kushoto. Hapo hapo. Usiwe na wasiwasi, Masele. Umeshika."

"Jasho, mzee," nikasema.

Mashine ikashuka, ikaingia kwenye bolti zake zote nne bila mlio wowote. Masele akautoa mkono na kuushika kifuani. Nikavihesabu vidole vyake. Vilikuwa vitano. Na hapa simtanii mtu: nilisikitika.